Joram Wangwe na Nyuzi Alizozichagua kwa Ukucha

Mpendwa wetu Joram Wangwe alizaliwa tarehe 9 Juni 1963 hapa Nyamwaga, wilaya ya Tarime, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Wangwe na mama yetu Robi, ambao wote wametangulia. Baada yake mama alipoteza watoto wawili, ndipo akazaliwa Wiliam, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu.

Marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1972 na kumaliza la saba mwaka 1978. Hakuendelea na sekondari. Ng'ombe wa baba walikosa mchungaji, naye akakubali kubaki nao ili mdogo wake asome. Mwaka 1983 alikwenda Musoma kujifunza useremala, na miaka miwili baadaye akafungua karakana yake Turwa. Vitanda na milango mingi ya mji wa Tarime imepita mikononi mwake.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na Efrazia, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisa letu. Mwaka 1991 alipata gitaa la besi kuukuu, akaanza kuipigia kwaya hiyo. Vile vyuma vya shingoni vinavyomwonyesha mpigaji pa kuweka kidole vilikuwa vimelika. Marehemu aliving'oa vyote kwa koleo, akaziba nafasi zake kwa vipande vyembamba vya mninga, akapiga msasa mpaka shingo ikawa nyororo. Watu walimwambia ameliharibu. Tangu siku hiyo sikio lake ndilo lililomwonyesha mahali pa kila sauti, na kwa miaka thelathini na moja halikumdanganya.

Shida ilikuwa nyuzi. Nyuzi za kawaida zimezungushiwa waya wa mviringo, na juu ya mbao tupu zinachimba kama tupa. Yeye alitaka zilizozungushiwa utepe bapa wa chuma, ambazo ni laini na sauti yake ni nzito, isiyo na makelele. Alizifuata mwenyewe Mwanza, akazipitishia ukucha, uzi mmoja baada ya mwingine, huku mwenye duka akisubiri. Zikichakaa alizichemsha ili zipate sauti tena. Shemeji Efrazia husimulia kwamba mara ya kwanza alitumia sufuria ya chai, na wageni wa Jumapili hiyo walikunywa chai yenye ladha ya misumari. Mchungaji aliuliza kwa upole kama kisima kimebadilishwa.

Ratiba mliyo nayo mkononi inasema kwamba mwaka 2022 marehemu alipumzika kwaya kwa sababu ya umri. Maneno hayo niliyaandika mimi, na si ya kweli. Naomba mnivumilie niyasahihishe hapa, mbele ya jeneza lake.

Julai mwaka huo nilikuwa na safari ya Mwanza. Kaka yangu alikuwa na kazi nyingi, akanipa kipande cha uzi wake wa zamani kiwe mfano. Aliniambia, "Mura, mdogo wangu, usiangalie pakiti. Pitisha ukucha. Ukikwaruza, rudisha." Nilimaliza shughuli zangu nikiwa nimechelewa gari. Niliingia duka la karibu na kituo, nikachukua za kwanza nilizoonyeshwa. Nilipomkabidhi aliniuliza kama nimezipitishia ukucha. Nikasema ndiyo.

Alizifunga. Kwa wiki tatu za mazoezi zilichimba mifereji shingoni. Jumapili ya tarehe 14 Agosti, kwenye kongamano la kwaya kule Machochwe, besi ilivuma kama nyuki ndani ya debe. Watu walicheka waziwazi. Wiki iliyofuata kamati ya kwaya ilikaa, ikasema mzee masikio yamekwisha. Mwenyekiti wa kamati nilikuwa mimi. Nilijua sababu, nikanyamaza, na barua ya kumwondoa niliitia saini. Niliipeleka Turwa kwa mkono wangu. Aliisoma amesimama, akaikunja, akamwambia Efrazia aniletee uji.

Hakuhama kanisa. Alikaa benchi la nyuma. Mwaka 2023 aliitengenezea kwaya ileile mabenchi mapya, yale mliyokalia leo, bila kuombwa na mtu.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akalazwa Mwanza mara mbili. Mchana mmoja wa Februari, tukiwa wawili tu wodini, nilimweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua," alisema. "Nilizipitishia ukucha ukiwa bado hujatoka mlangoni."

Nikamuuliza kwa nini alizifunga, na kwa nini hakuiambia kamati.

"Ningesema, ungeonekana mwongo mbele ya watu. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Nilimwahidi kwamba Jumapili hiyo ningesimama mbele ya kwaya. Jumapili ikafika, nikaona wageni ni wengi. Iliyofuata nikasema nina mafua. Kaka yangu alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na mkewe. Siku moja kabla aliuliza kwaya wamesemaje. Shemeji Efrazia hakujua anauliza nini.

Wanakwaya, mlimwondoa mtu ambaye hakukosea. Masikio yake yalikuwa mazima. Mliomcheka Machochwe, mlicheka uongo wangu. Shemeji Efrazia, unalisikia hili leo pamoja na watu wote, na hukustahili kulisikia hivi.

Marehemu ameacha mjane, Efrazia, watoto watatu, Winfrida, Steven na Eunice, wajukuu watano, na mdogo mmoja, aliyesomeshwa naye.

Mungu amlaze kaka yetu Joram mahali pa amani. Jibu alilolingoja, nimelileta akiwa hasikii.