Galila Bushra, Mfumaji Aliyeacha Kupiga Vigelegele

Galila Bushra, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Wagih, alizaliwa tarehe 14 Januari 1951 hapa hapa Akhmim, mtaa ulio nyuma ya soko la nyuzi. Alikuwa mtoto wa tatu wa Bushra Mikhail, mtia rangi vitambaa, na mkewe Hekmat. Mimi ninayesoma ni Insaf, wifi yake. Alinichagua mwenyewe, na Abuna, padri wetu, aliponiuliza kama ni lazima yote haya yasomwe kanisani, nilimjibu kuwa ni agizo la marehemu.

Alisoma kwa masista hadi darasa la sita, mwaka 1963. Sista alipomkuta anachora ndege kwenye daftari la sarufi, alimshika mkono akampeleka kwenye mtambo wa kufumia. Hapo alikaa miaka arobaini na minane. Waliopita pale enzi zile wanakumbuka: mitambo kumi na miwili inagonga, mikate ya jua inaumuka darini, na sauti ya Galila inaongoza nyimbo. Siku hizo nazitamani mpaka leo.

Tarehe 8 Novemba 1970 alifunga ndoa na kaka yangu Fanous Bebawi, karani wa stesheni. Bibi arusi alijipigia vigelegele mwenyewe, hadi Abuna wa wakati ule akainamisha kichwa kuficha kicheko. Baada ya hapo, arusi ya mtaani kwetu haikuanza kabla Galila hajafika. Walijaliwa watoto wanne. Wa mwisho, Viola, alizaliwa Mei 1979 akiwa na kilo nne na nusu, na uzazi ule ulimtesa sana mama yake.

Tangu hapo sauti yake ikapungua, kisha ikazimika kabisa. Mwaka 1994 nilimwoza binti yangu Suzan. Galila, mke wa mjomba wa bibi arusi, alisimama mlangoni amefunga mdomo. Kwetu mnajua maana yake: ndugu asiyepiga vigelegele hamtakii bibi arusi mema.

"Ana kijicho huyo," nilisema, na nilisema kwa sauti ili asikie.

"Mungu ambariki Suzan, wifi," akajibu, akaenda zake.

Pasaka ile sikumpelekea sahani ya kahk, vile biskuti vyetu vya sikukuu, wala Pasaka zilizofuata. Tulikaa miaka kumi na mmoja bila kusemeshana, na nyumba zetu zinatazamana.

Februari 2005 Fanous alikuja kwangu. "Galila anapasuliwa Asyut. Hana dada. Twende naye."

"Anaumwa nini?"

"Muulize mwenyewe."

Nilikwenda nimenuna. Chumbani kwa Daktari Mirvat ndipo nilipojua. Kila alipokohoa, alipocheka au kuinua sauti, mkojo ulimtoka. Ilikuwa hivyo miaka ishirini na sita. Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga aliyafanya miezi sita, yakasaidia kidogo tu.

Daktari alimweleza njia zilizokuwapo. Angeweza kupiga nyuzi chache za kuinua shingo ya kibofu. Angeweza kupitisha utepe wa plastiki, uliofumwa kama wavu, chini ya mrija wa mkojo, na mgonjwa akarudi nyumbani kesho yake. Ilikuwapo sindano ya kunenepesha ukuta wa mrija, nyepesi, ila nguvu yake huisha. Au angekata ukanda wa utando mgumu wa tumbo la Galila mwenyewe, autumie kushikilia mrija.

Mfumaji akauliza la mfumaji. "Huo utepe ukiharibika, unafumuka?"

"Kuutoa ni kazi, mama. Na kwa wanawake wachache hukwaruza nyama za ndani."

"Basi tumia kitambaa changu."

"Kidonda kitakuwa kikubwa zaidi. Na siku za mwanzo mkojo unaweza kugoma kutoka."

"Binti yangu, umegoma kukaa miaka ishirini na sita. Ukigoma kutoka wiki mbili, nitapumzika."

Daktari alicheka. Mimi nilitoka nje nikalia kwa aibu. Nilimuuguza siku tisa, nikimwaga mfuko wa mpira wa mkojo, na siku ya nne nikapata ujasiri wa kumwomba radhi. "Ulikuwa mjinga, wifi," alisema. "Sogeza mto." Oktoba 2006, kwenye arusi ya Viola, alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Aliugua moyo kuanzia mwaka 2021. Alifariki nyumbani tarehe 3 Februari 2024, asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu, mkono wake ukiwa mkononi mwa Fanous. Wiki moja kabla aliniambia, "Uwasomee yote. Wapo wanaokaa kimya kama nilivyokaa, na nyie mnawaita wachawi."

Ameacha mume, Fanous. Watoto wanne, Wagih, Samia, Maher na Viola. Na wajukuu tisa. Ameacha pia wanawake kumi na mmoja aliowapandisha treni ya Asyut mwenyewe, akawasubiri nje ya mlango wa daktari. Wengine mazoezi yaliwatosha, wengine walipasuliwa. Wapo humu ndani. Kumi siwataji.

Wa kumi na mmoja ni mimi.

Bwana ampumzishe kwa amani.