Pampu za Moyo wa Thorkild

Benchi letu liko bandari ya wavuvi, mjini Aarhus, chini ya dirisha ninapouzia kahawa. Wenyewe ni watatu. Thorkild tunamwita Fundi Pampu, maana alitengeneza pampu za meli mpaka akastaafu. Preben ni Kaa. Marehemu babake aliwauzia kaa wataalamu wa chuo kikuu enzi zile walipogundua, kwenye neva za miguu ya kaa, kwamba seli za mwili zina vipampu vya kutolea chumvi. Anavyojivuna, utadhani pampu zenyewe ziliingia kwenye nyavu za babake. Wa tatu ni Gerda Redio, na jina hilo halihitaji maelezo.

Baridi ilipoanza kulegea, Thorkild akaanza kuhema. Alikuwa akifika benchini hana pumzi, miguu imevimba mpaka viatu haviingii vizuri. Daktari alikwishamwandikia vidonge vya moyo, na sote tulijua. Asubuhi moja Kaa akatamka wazi kwamba vidonge hivyo ndivyo vinavyomdhuru mwenzetu.

— Vinazuia pampu za moyo, Thorkild akakubali. Nimesoma mwenyewe. Na mimi sijaona pampu inayopona kwa kuzibwa.

— Si ndiyo hapo! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema Kaa.

— Sasa mvungu unaingiaje hapo? akauliza Gerda.

Kaa hakujali. Akaeleza kwamba pampu hizi, kwa kuwa zilianzia kwa kaa, asili yake ni kwenda upande, ndiyo maana mapigo ya Thorkild yanakwenda kombo. Dawa yake ni kuoga baharini maji yangali baridi, ili mapigo yanyooke. Gerda akasema huo ni upuuzi. Yeye alisikia kipindi kwamba moyo una aina zaidi ya moja ya pampu, basi bila shaka moja hurithiwa kwa mama na nyingine kwa baba. Mamake Thorkild alikuwa wa bara, Jutland magharibi, babake wa kisiwa cha Bornholm, pande mbili ambazo hata namna ya kukausha samaki kwa moshi hazikuwahi kuafikiana.

— Damu nzito kuliko maji, akamalizia. Ndiyo maana pampu zinashindwa kuisukuma.

Kaa akaona amezidiwa. Akapendekeza pampu zing'olewe zote, kwani babake aliwahi kumwona kaa aliyekatwa neva akitembea mpaka gatini.

Dirishani kwangu alikuwa amesimama mama mmoja mwenye kofia ya baiskeli, akisubiri kahawa. Akajitambulisha: Sidsel, anafanya utafiti wa seli za misuli ya moyo pale chuoni. Nikamsogezea kiti.

Akawaambia kwamba Gerda hakukosea sana, aina ni zaidi ya moja kweli. Zilizo nyingi zimetapakaa kila upande wa seli, zinatoa chumvi mchana kutwa na usiku kucha. Nyingine ni chache, zimejibana karibu na ghala la kalisi, madini yanayoukaza msuli. Hizo chache zikipunguza mwendo kidogo, kalisi haitoki yote nje ya seli, na pigo linalofuata huwa na nguvu zaidi. Dawa ya Thorkild hupunguza mwendo wa aina zote. Yeye na wenzake wanatafuta dawa itakayogusa zile chache tu.

— Kwa hiyo si kuziba, Thorkild akasema taratibu. Ni kubana vali kidogo.

— Kidogo sana, na kwa kipimo cha daktari. Lakini niambieni kitu kimoja. Huku kuvimba kulianza kabla ya vidonge au baada?

Gerda akamtazama Thorkild. Nami nikaacha kumimina.

— Sijameza hata kimoja, akasema Thorkild.

Akatueleza, macho yakiwa majini, kwamba kila asubuhi alikuwa akikishika kidonge mkononi, anaona akilini meli iliyozimika katikati ya bahari, anakirudisha. Aliogopa kuuzima moyo kwa mkono wake mwenyewe.

Gerda akasema tu, "Ungetuambia, bwana." Sidsel akamwomba Thorkild ampigie daktari pale pale, kabla ya kumeza chochote. Daktari akamwita hospitali mara moja. Kaa akaleta gari lake linalonuka samaki, na njia nzima, Gerda alinisimulia baadaye, hakutoa nadharia hata moja.

Walimlaza, wakampunguza maji mwilini, wakampima damu, wakamwanzishia dawa kwa uangalifu. Alirudi amekonda, ila usingizi sasa anaupata akiwa amelala chali kama watu, si ameketi kitini.

Usiku wa katikati ya kiangazi, watu wa huku wanapowasha moto mkubwa na kuimba, tulikusanyika ufukweni. Thorkild aliimba beti zote za wimbo bila kupumzika, akavuta pumzi moja ndefu, ya raha, kisha akamnyooshea Gerda mkono na kumuuliza kama anataka kucheza.