Nilisema Nimepona

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wengi mnanikumbuka. Mwaka jana nilisimama hapa hapa, kanisani kwetu Kasenga, nikasema, “Nimepona ugonjwa wa sukari!” Mkapiga vigelegele. Leo nimerudi kusahihisha maneno yale.

Mimi ni seremala, mtu asiyetulia. Nikiwa Kalemie ninaililia Uvira. Nikiwa Uvira ninaiota Baraka. Katika kuzunguka huko nikashikwa na kiu isiyokwisha, nikakonda huku ninakula. Muuguzi alipima damu, akanipa vidonge vya kila siku. Baada ya miezi michache nikajisikia mzima. Nikashuhudia.

Sasa ningemezaje vidonge tena? Watu walinisimamisha njiani: “Papa, kweli Mungu iko mukubwa!” Nikavificha ndani ya sanduku la misumari. Kiu ikarudi. Nikawa ninakunywa maji kwa siri.

Siku moja nilitembea kwa miguu kutoka Kavimvira. Nilipovua viatu nyumbani, mke wangu akapiga kelele.

“Weye! Uko na musumari mu mguu!”

Soksi ilikuwa imelowa damu. Mimi sikuwa nimesikia maumivu yoyote; kumbe sukari ilikuwa imeitia miguu ganzi!

“Umetembea sana, mpaka miguu imekataa kukuongelesha,” akasema, huku anacheka, huku analia.

Nikamsihi asimwambie mtu. Watasema nini kanisani? Akaniuliza, “Ni Mungu alikuambia uache dawa?”

Ndugu zangu, Mungu hakuniambia. Hata hivyo haya ilinifungia ndani siku nne, mpaka kidonda kikanuka. Kidole kimoja nilikiacha hospitalini. Mguu ukabaki. Asante Yesu!

Sukari ninayo hadi leo. Bwana alinifungua kutoka kwenye haya. Ninameza vidonge mchana kweupe. Bugali ninakula nusu ya ule wa zamani, sahani ninaijaza mboga za lengalenga na visamaki vya ndagala. Chai tamu bado ninaikumbuka, sitawadanganya. Ninasafiri bado, lakini kiatu ninakikung’uta kabla ya kukivaa, na kila jioni ninakagua nyayo. Nikiwa nyumbani, mke wangu anazikagua kama mwalimu mkali.

Kama yupo hapa aliyeacha dawa kwa sababu ya ushuhuda wangu wa mwaka jana, naomba anisamehe. Mtumaini Bwana, ndugu yangu, na urudi kupimwa. Baada ya ibada nitasimama pale mlangoni. Nitakusindikiza hadi kituo cha afya, watu wote wakituona. Mguu wa kwenda nao Mungu ameniachia.