Treni Moja Tu Iliyochelewa Mikononi mwa Ami Wagdi

Baada ya miaka thelathini na minane ya kazi, Ami Wagdi Abdel-Mawgoud, mkuu wa stesheni yetu ya Mit Rayhan, anastaafu rasmi tarehe 30 Aprili. Sisi tunaobaki tumekubaliana kutolia. Mimi nimeshalia mara mbili, lakini aliyeolewa majuzi husamehewa. Siku hizi nalia hata nikiona njiwa wawili juu ya paa la ghala.

Alianza kwa kufagia jukwaa, akapanda cheo kwa cheo, na kote alikopita hakunyamaza. Abiria akinung'unika kwamba treni imesimama mno, humwambia ashukuru. Zamani, kabla ya daraja la Kafr el-Zayyat, mabehewa yalivushwa Nile kwa kivuko. Siku moja behewa likatumbukia na mrithi wa utawala akafa maji, nchi ikaishia kupata mtawala mwingine. "Wewe umekaa pakavu, mama. Kunywa chai."

Kwake ndiko tulikojua kwamba Misri ilikuwa na reli kabla ya Mfereji wa Suez, na kwamba duniani kila mji ulikuwa na adhuhuri yake mpaka treni zikailazimisha miji kukubaliana saa. Na mtalii akiuliza kama kweli injini za kale zilichoma maiti za mafarao badala ya makaa, hujibu kwamba huo ulikuwa mzaha wa msafiri mmoja mgeni, watu wakauamini. "Tuwachome babu zetu? Na makaa yabaki ya kukaangia samaki?"

Fahari yake kubwa ilikuwa hii: hakuna treni iliyowahi kuchelewa kwa sababu yake. Basi ikaja Februari, na harusi yangu.

Reli yetu ni ya njia moja. Treni mbili zikikutana uso kwa uso, hakuna pa kupishana. Kwa hiyo dereva haondoki bila bangili, yaani duara la chuma lenye kifuko cha ngozi, na ndani yake kipande cha shaba. Inayotolewa ni moja tu. Aliye nayo ndiye mwenye njia.

Tharwat wangu (ah, Tharwat na ile suti ya kijivu!) alikuja na ndugu zake kwa treni ya alasiri kunichukua hapa hapa stesheni, maana nilikataa kuianza ndoa mahali pengine. Ngoma, mazumari, vigelegele! Ami Wagdi alikuwa ameshika bangili ampe dereva Ragab, wenzake wakamtia fimbo mkononi acheze. Akaiweka bangili kwenye benchi, kwa raundi moja tu. Shangazi yangu Fikriyya, aliyekuwa akipamba gari la bwana harusi, lililokodiwa kutungoja nje ya stesheni, akaona duara zuri limekaa bure. Akalizungushia utepe na mawaridi, akalifunga mbele ya gari. Tukaondoka kwa honi.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Sabrin, mwenzangu wa dirisha la tiketi.

"Ami, lete bangili twende!" Ragab aliita.

"Haipo."

"Haipo vipi? Umeila?"

Mama mmoja mwenye kapu la bata akachungulia dirishani. "Jamani, harusi imeondoka, sisi tumebaki wageni wa nani?"

Sabrin akapiga yowe. "Gari la bwana harusi! Nimeiona imevaa maua!"

Ragab akacheka mpaka akaegemea mlango. "Ami, huko mbele hakuna treni, hata punda hakuna. Niachie niende, bangili utanitumia. Utastaafu jina lako safi."

Ami Wagdi alitazama saa ya ukutani. Akawatazama abiria. Kisha akashuka relini na bendera nyekundu, akasimama mbele ya injini.

"Ragab mwanangu, jina likichafuka nitalifua. Watu hawa wakiumia nitawafanya nini?"

Alimwachia Sabrin bendera, akarukia bajaji. Tulipomwona anatukimbilia huko kwenye sherehe, kofia mkononi, wageni walishangilia wakamfungulia duara la ngoma.

"Karibu ucheze, Ami!" Shangazi Fikriyya akaita.

"Mama, nimeshacheza vya kutosha!"

Akaniomba radhi kwa kulivua gari langu mapambo, akakata utepe, akaondoka. Treni ilitoka imechelewa karibu saa nzima, dereva ameshika bangili yenye mawaridi.

Jioni mkubwa wa kanda alipiga simu kuuliza sababu. Angeweza kumtaja shangazi yangu. Angeweza kunitaja mimi. Sabrin alikuwa kando yake na alisikia kila neno.

"Sababu ni mimi, bwana mkubwa. Nilikuwa nacheza."

Asante, Ami Wagdi, kwa kila abiria uliyemfikisha nyumbani mzima. Mungu akupe afya na furaha, wewe na mkeo Bi Insaf. Sasa hakuna treni inayokungoja. Cheza mpaka ngoma iishe.