Pancras Felisiani, Fundi wa Viyoyozi Ambaye Hakuiba Gesi

Pancras Felisiani aliitwa mwizi mbele ya jumuiya yake, na hakuiba. Familia imeona hilo litangulie, ndipo mengine yafuate.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 Runazi, Biharamulo, mtoto wa nne wa mzee Felisiani na mama Magdalena, wakulima wa mihogo na maharage. Alimaliza darasa la saba mwaka 1987, akaenda Mwanza kusomea ufundi wa majokofu na viyoyozi, akahitimu mwaka 1991.

Tarehe 8 Julai 1995 alifunga ndoa na Avelina Projestus wa Kibimba. Avelina hakupelekwa shule. Herufi alifundishwa na mumewe, kwa maandishi ya kwenye maboksi ya mashine.

Walihamia Nyamiaga. Pancras alipoanza kufunga viyoyozi kwenye maduka na ofisi za Ngara mjini, watu walimcheka. "Fundi, baridi yote hii, bado unatuletea nyingine?" Naye akawajibu, "Mashine ni hiyo hiyo, mzee wangu. Mchana ikupoze, asubuhi ikupashe moto." Kila alipounga bomba la shaba linalotoka mashine ya ndani kwenda ya nje, alipaka povu la sabuni kwenye kiungo, akachuchumaa kutazama kama gesi inavuja. Siku ya ubatizo wa bintiye Esperansia alichelewa kanisani kwa sababu ya kiputo kimoja. Padri alicheka. Mkewe hakucheka.

Mwaka 2021 alifunga viyoyozi sita katika ghorofa la maduka la Fabiani Bulugu. Miezi michache baadaye kimoja kiliacha kupoza, gesi imeisha. Jumamosi ya tarehe 19 Machi 2022 Fabiani alisimama kwenye sala ya jumuiya, ambayo Pancras alikuwa mwenyekiti wake, akasema, "Mwenyekiti wenu kanyonya gesi yangu, kaiuza." Pancras akamwambia, "Ndugu yangu, twende tukapake sabuni tuone." Hakuna aliyeinuka. Akavuliwa uenyekiti, na kazi zikakatika. Wengi hawakujua kwamba gesi ya kiyoyozi si ya kupikia. Avelina alikutwa njiani na mzigo wa kuni kichwani, akaulizwa, "Mke wa mwenyekiti, leo maharage yanaiva kwa gesi ya nani?"

Machi 2023 fundi mwingine, Iradukunda, aliitwa kwenye ghorofa lile. Alifungua kifuniko cha mabomba, akapaka sabuni, akakuta msumari wa kibao cha duka, uliopigiliwa na vibarua wa Fabiani, umekwaruza bomba hadi likatoboka. Alikuja mwenyewe Nyamiaga.

"Shikamoo, fundi. Nimemwonyesha Fabiani tundu, kaliona kwa macho yake."

"Marahaba. Akasemaje?"

"Kasema nizibe, ya zamani yaishe."

Pancras akamuuliza kama ameziba vizuri.

Novemba 2023 alianza kuugua figo, akatibiwa Ngara na baadaye Mwanza. Alipokuwa na nguvu ya kukaa, aliomba kiti chake kigeuzwe kitazame njia. Wageni walikuja wengi. Fabiani hakuja. Pancras alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, Magdalena, Clever na Esperansia, na wajukuu wawili. Mungu amlaze mahali pa utulivu, asikosikia tena maneno ya watu.

Fabiani Bulugu ametuma shada la maua, nasi tumelipokea. Hatumdai fedha wala mashine. Anadaiwa kusimama mbele ya jumuiya ile ile na kusema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba Pancras hakuiba. Jumamosi hii zamu ya sala ni nyumbani kwa marehemu, saa moja asubuhi.