Mwalimu wa Getini

Tangu fundi cherehani amzike mumewe, binti yake hakutaka tena shule. Asubuhi moja fundi alipanda basi kwenda kumwombea nafasi katika shule nyingine, akaketi karibu na msichana mwenye sare ya shule hiyo.

“Shule yenu ikoje, mwanangu?”

“Vyoo vibovu, mama. Na mwalimu wa nidhamu ana sauti kama honi ya lori.”

“Sasa unang'ang'ania nini?”

“Baba alipofariki, kila mtu alininong'oneza kama mgonjwa. Yule mwalimu alinifokea getini kwa kuchelewa, sawa na wenzangu. Nilishukuru, mama. Nikavuta pumzi.”

Nyumbani kwa fundi wote walinong'ona, yeye akiwa wa kwanza.

Basi likasimama. “Tushuke upesi, usije ukafokewa.”

“Nimeshachelewa, mama,” alijibu msichana, akicheka.