Sahihi ya Praxeda

Basi la kutoka Maramba lilirukaruka kwenye mashimo ya Pongwe, nami nikajifanya nasinzia. Mbele yangu Praxeda alikuwa akimlalamikia mzee Uweso, aliyejuana naye humo humo basini: posta wamezuia kifurushi cha gauni lake la harusi, na harusi ni Jumamosi! Sahihi wanayolinganishia aliitia alipokuwa ndio kwanza kaanza kisomo cha watu wazima. Sasa mwandiko umenyooka, karani anasema si yeye.

“Gazeti linasema Ulaya wana mashine zenye akili, mwanangu. Zitakuja kututambua kwa sahihi.”

“Zitanikuta nina wajukuu, babu!”

Akaandika jina lake, karatasi ikiwa gotini. Basi likaruka. “Yesu na Maria! Ndiyo ile ile ya zamani!” Akarudia: ile ile. Vigelegele vikalipuka, mimi msinziaji nikiwa wa kwanza.

Basi likasimama mbele ya posta.

“Dereva,” akalia Praxeda, “meza yao haitikisiki!”